Aliyekuwa Akingojwa

Blake anamwendea Avon. Ana kovu jichoni, nguo zimechakaa, sura imekuwa ya mtu aliyezoea kulala vichakani. Avon ameshika bunduki. Anamwamuru asimame. Anamuuliza kama amewasaliti. Kisha anarudia swali, na safari hii hawataji wenzake hata kidogo: umenisaliti mimi?

Blake hasemi ndiyo wala siyo. Anasema Tarrant, mmoja wa wenzake Avon, hakuelewa. Anasema haya yote ameyapanga mwenyewe. Anasema, Avon, nilikuwa nakungoja. Na bado anazidi kusogea.

Risasi tatu.

Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja kwenye simu, jingine kwenye kioo cha kompyuta yangu. Akainua kichwa. "Dada, huyu jamaa si angeuliza tu mara nyingine?"

Nikamwambia anyamaze, tamthilia haijaisha. Lakini swali lake liliniingia, na wiki zilizofuata nikawa nalo jikoni, nalo kwenye daladala, nalo kazini wakati ninajifanya nasikiliza kikao.

Kwa nini hakuuliza mara nyingine?

Tamthilia ya maboksi

Ninaizungumzia Blake's 7 ya BBC, iliyorushwa kuanzia Januari 1978 hadi tarehe 21 Desemba 1981: misimu minne, sehemu 52. Ni ya zamani na inaonekana ya zamani. Kuta za vyombo vya anga zinatikisika mtu akizigusa, sayari za mbali zote zina sura ya machimbo ya kokoto ya Uingereza, na Servalan, mkuu wa majeshi ya Shirikisho, hukagua vita akiwa na gauni la karamu. Ukiishinda aibu ya dakika kumi za mwanzo, utabaki.

Mimi nilibaki kwa sababu ya wanaume wawili.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Kuna watu, wengi wao wanawake kama mimi, ambao kwa zaidi ya miaka arobaini wamekuwa wakiandika hadithi za mapenzi kati ya Roj Blake na Kerr Avon. Walianza na mashine za taipu na fotokopi, wakitumiana majarida kwa posta kutoka Uingereza hadi Marekani, mnunuzi akitakiwa wakati mwingine kuandika na kutia saini kwamba ameshafikisha umri. Leo hadithi hizo zimejaa mtandaoni. Nimezisoma nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mama yangu, ambaye huwa anasoma blogu hii. Shikamoo mama. Ukiishia hapa leo sitakulaumu.

Si watu wema

Shirikisho linalotawala dunia yao huwaweka watu chini ya makuba na kuwatilia dawa kwenye maji na chakula ili wasiwe na hamu ya kuuliza chochote. Blake alikuwa kiongozi wa upinzani. Walimkamata, wakamfuta kumbukumbu, wakamtumia kuwakana wenzake hadharani, kisha wakamrudisha mtaani akawa raia mtiifu asiyejua kwamba aliwahi kuwa mtu mwingine. Anapokutana tena na waliobaki wa chama chake, nje ya kuba, askari wanawaua wote mbele ya macho yake.

Yeye hawamuui. Maiti yake ingekuwa bendera. Badala yake wanamfungulia kesi ya kuwanajisi watoto. Wanachukua watoto halisi, wanawapandikiza kumbukumbu za uongo, ili hata wakihojiwa wawe wanasema kwa moyo mweupe jambo ambalo halikutokea. Wakili wake anapoanza kugundua ukweli, anauawa pamoja na mkewe. Yote haya yamo kwenye sehemu ya kwanza kabisa, na ilirushwa jioni, saa ambazo watoto wa Uingereza walikuwa bado macho.

Niliisimamisha hapo nikatembea kidogo ndani ya nyumba. Serikali ile ilijua kitu ambacho serikali nyingi zinakijua: mtu atajitokeza barabarani kumtetea mpinzani aliyefungwa kwa uchochezi, lakini akiambiwa mpinzani huyo amefanya uchafu na mwili wake, atajifungia ndani hata kama moyoni ana shaka. Wasomaji wangu mnaishi kwenye nchi zilezile ninazoishi mimi, na sheria zetu mnazijua. Sitazirudia.

Kwa hiyo Blake anapandishwa chombo cha wafungwa kwenda sayari ya Cygnus Alpha akiwa na doa la aina hiyo. Humo ndimo anapokutana na Avon, fundi wa kompyuta aliyekaribia kuuibia mfumo wa benki wa Shirikisho milioni 5. Avon hana itikadi. Hana huruma ya kuonyesha. Ana akili, dharau, na hesabu ya nani anaweza kutupwa ili yeye abaki.

Wanajaribu kuteka chombo. Avon anafanya sehemu yake, anakikamata chumba cha kompyuta pamoja na Blake. Lakini askari wanaanza kuwaua wafungwa waliotekwa, mmoja baada ya mwingine, na Blake anajisalimisha ili wasiendelee kufa. Avon anamsimanga kwa hilo bila kuficha. Kwake ilikuwa hesabu rahisi: wafungwa wachache kwa chombo kizima.

Ningependa mlikumbuke tukio hilo. Blake wa 1978 anakubali kushindwa ili watu asiowajua vizuri wasife.

Miezi kumi na tano baadaye, mwisho wa msimu wa pili, Blake anakwenda kulipua Star One, kituo cha siri cha kompyuta zinazoendesha Shirikisho zima, hadi hali ya hewa ya sayari zake. Kikilipuka, watu wengi mno watakufa, wasio askari, wasio na kosa. Cally, mmoja wa wenzake chomboni, anamuuliza kama wamekuwa vichaa wa itikadi. Blake anamuuliza kama hilo lina maana yoyote. Halafu anasema jambo lililonifanya nirudishe nyuma nisikilize tena: wakiacha sasa, basi yote waliyofanya yatakuwa mauaji ya bure. Lazima washinde, maana ndiyo njia pekee ya yeye kuwa na uhakika kwamba alikuwa sahihi.

Anataka kuua maelfu ili alale usingizi.

Na sehemu hiyohiyo, ndani ya dakika chache, akiwa amejeruhiwa na anamwachia chombo Avon, anamwambia kwamba siku zote alimwamini. Tangu mwanzo kabisa.

Avon alikuwa ametoka kusema kwamba anataka haya yaishe ili awe huru kutokana na Blake. Anasikia neno lile, anakwenda kwenye usukani, na anabaki kupigana vita ambavyo angeweza kuvikimbia.

Mapenzi yako wapi hapo?

Hili ndilo shaka langu la kwanza, na nililibeba kwa uzito kwa sababu nimechoka na tabia ya mtandaoni ya kuona mapenzi kila penye wanaume wawili wanaotazamana zaidi ya sekunde mbili.

Hawabusiani. Hawashikani mikono. Hakuna mwandishi wa tamthilia ile aliyeandika kwamba wanapendana kimapenzi, na sioni sababu ya kumsingizia Terry Nation, aliyeianzisha, wala Chris Boucher, mhariri wake wa miswada aliyeandika sehemu ya mwisho. Avon alikuwa na mwanamke aliyempenda, Anna Grant, akaamini kwa miaka kwamba aliteswa hadi kufa kwa ajili yake. Alipokwenda kulipiza kisasi akagundua kwamba Anna mwenyewe ndiye alikuwa jasusi aliyepewa kazi ya kumchunguza. Kikulacho ki nguoni mwako. Akampiga risasi. Kwa hiyo ukitaka kusema Avon anapenda wanawake, ushahidi upo na una damu.

Pia kuna nyakati zile. Uingereza na Wales sheria ililegezwa 1967, kwa wanaume waliotimiza miaka 21 tu na faraghani tu. Scotland ilisubiri hadi 1980. Ireland ya Kaskazini bado ilikuwa jinai hadi 1982, baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kutoa hukumu ya kesi ya Dudgeon, tarehe 22 Oktoba 1981, miezi miwili tu kabla Avon hajafyatua risasi zile. Tamthilia ya jioni ya familia isingethubutu. Lakini "isingethubutu" haina maana ya "ilitaka ila ikazuiwa", na mashabiki wengi huruka kutoka la kwanza kwenda la pili bila hata kutazama chini.

Basi nikaacha kutafuta busu, nikatazama nani anamfuata nani.

Avon angeweza kuondoka mara kadhaa. Mapema kabisa, Blake akiwa chini Cygnus Alpha, Avon anagundua utajiri uliojaa kwenye chombo walichokiokota, anamshawishi Jenna, mfungwa mwenzao, waondoke wamwache huko. Hawaondoki. Baadaye tena, peke yake na chombo kizima, anapiga hesabu kama anaweza kuishi maisha yake yote bila wenzake. Jibu linampendeza. Hata hivyo anashuka kuwaokoa.

Kisha Blake anapotea, na msimu mzima wa tatu unapita bila yeye. Mwishoni Avon anapokea ujumbe anaodhani umetoka kwa Blake. Hamwambii mtu. Anaendesha chombo siku nzima kwa siri, anakipitisha katikati ya wingu linalokula chuma kwa sababu kulikwepa kungemchelewesha, na anawaambia wenzake kwamba atakayemfuata atamuua. Anafika. Blake aliyemwona kitandani alikuwa ndoto ya dawa, mtego wa Servalan. Chombo kilichopita kwenye wingu kinaoza na kulipuka. Servalan anamwambia Blake alishakufa.

Mtu anayeishi kwa hesabu alichoma chombo bora kuliko vyote angani kwa ajili ya sauti ya mtu mmoja.

Ukitaka liite urafiki. Ukitaka liite deni. Mimi, ningeyaona hayo kwa mwanamume kumhusu mwanamke, nisingesita hata sekunde kujua ninatazama nini, na kusita kwangu kukija tu pale walipo wanaume wawili, hilo ni tatizo langu mimi, tamthilia haina hatia.

Kilo sabini

Kilichobadilisha mawazo yangu hakikuwa tukio la Blake na Avon. Kilikuwa Vila.

Vila ni mwizi, mwoga, mlevi kidogo, fundi wa kufuli. Michael Keating aliyemwigiza ndiye pekee aliyeonekana kwenye sehemu zote 52. Kwenye sehemu iitwayo "Orbit", iliyorushwa wiki mbili kabla ya mwisho, yeye na Avon wako kwenye kichombo kidogo kinachoshindwa kuruka kwa sababu ni kizito mno. Mtu aliyewatega ameficha ndani yake kipande kidogo cha kitu chenye uzito wa ajabu. Wao hawajui. Wanang'oa viti, wanatupa kila kinachong'oka. Bado zinahitajika kilo 70 zaidi.

Vila anasema amekwisha kutupa kila kitu. Anaondoka.

Orac, ile kompyuta yenye kiburi, inamwambia Avon aliyebaki: Vila ana kilo 73.

Avon anakaa kimya. Halafu anatoa bunduki.

Anamtafuta kwenye vijia vya kile kichombo, na jinsi anavyomwita ndiko kunakotisha. Sauti yake imekuwa laini, yenye subira, kama ya mtu anayeita kuku aliyekwisha kuamua kumchinja. Vila, nahitaji msaada wako. Vila, najua la kufanya. Kamera inatuonyesha Vila amejibana nyuma ya ukuta, machozi yanamtoka, ameziba pumzi. Miaka minne wamekula pamoja.

Avon anajikwaa kwenye kile kipande kizito, anagundua, anakisukuma nje, wanaokoka. Mwishoni Vila anamwambia hataisahau safari hii. Avon anamjibu, kwa tabasamu lile lake, kwamba kama Vila mwenyewe asemavyo siku zote, akiwa na Avon yuko salama.

Nilikuwa nimeitazama sehemu hii mara ya kwanza kama kisa kizuri cha kusisimua. Safari ya pili nilikuwa tayari nimeona Gauda Prime, sayari ya sehemu ya mwisho, nikaelewa ninamwangalia mtu wa namna gani akielekea kule. Wiki mbili kabla ya kumuuliza Blake kama amemsaliti, Avon mwenyewe alimwinda rafiki yake gizani ili amtupe nje kama kiti kilichong'olewa. Amejifunza kuhusu nafsi yake jambo ambalo hawezi tena kulisahau: kwamba mtu anaweza kula nawe miaka minne na akakuuza kwa kilo sabini.

Kwa hiyo Tarrant anapoingia akihema na kusema Blake amewauza wote, hata wewe Avon, maneno yale hayakutua kwenye sikio la mtu asiyeamini. Yalitua kwa mtu aliyejua kwa uhakika kwamba jambo hilo linawezekana, maana alilifanya yeye.

Ndiyo maana hakuuliza mara nyingine.

Walipopishana

Lakini hiyo ni nusu tu, na kwa siku kadhaa nilidhani ndiyo jibu zima. Kilichonisumbua kilikuwa Blake. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, "hapana". Hakulisema. Kwa nini?

Nikarudi kutazama anachokifanya Gauda Prime kabla wengine hawajafika. Amejifanya mwindaji wa watoro, anayekamata watu kwa malipo. Akimkamata mtu anamtisha, anamjaribu, anamwekea mazingira ya kusaliti aone kama atasaliti. Anayefaulu anaingizwa kwenye jeshi jipya la siri. Msaidizi wake, Deva, hapendi michezo hii na anamwambia. Blake anakiri kwamba siku hizi kuamini watu kunampa shida, na kwamba ni udhaifu.

Anayesema hayo ni yuleyule aliyemwambia Avon, tangu mwanzo nilikuamini.

Na huyo mwingine? Avon aliyeanza akitaka kumwacha Blake kwenye sayari ya wafungwa amekuja Gauda Prime kwa hiari yake, kumtafuta awe kiongozi wa muungano wa waasi. Anawaambia wenzake kwa dharau ileile kwamba Blake anapendwa na makundi ya watu, watamfuata, naye atapigana hadi tone la mwisho la damu yao. Anaongea vibaya. Lakini amekuja. Mtu asiyemwamini yeyote ameweka maisha ya watu watano juu ya imani kwamba Blake bado ni Blake.

Wamepishana njiani. Aliyeamini amekuwa mtu wa kujaribu watu. Aliyejaribu watu amekuja kuamini. Kila mmoja amemgeuza mwenzake, na kila mmoja amefika akiwa vile mwenzake alivyokuwa zamani.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na mashabiki kuhusu kama ni mapenzi. Sijui kitu kingine kinachowabadilisha watu wawili kwa namna hiyo, kwa miaka, wakiwa mbali, mmoja hata akidhaniwa maiti.

Na michezo ile, oneni ilivyofanya kazi. Blake alimjaribu Arlen, msichana aliyemkuta porini, akafaulu vizuri kabisa. Arlen alikuwa ofisa wa Shirikisho. Akamjaribu Tarrant, ambaye alikuwa wa kwao, Tarrant akaamini igizo lote na kukimbilia kwa Avon. Jaribio lilimpitisha jasusi na kumkataa rafiki. Mchimba kisima aliingia mwenyewe, na Avon akamsukuma.

Blake hakumjaribu Avon. Peke yake kati ya wote. Kwake alikwenda wazi wazi akisema nilikuwa nakungoja, akidhani sentensi hiyo inatosha, kwamba kati yao hakuna haja ya "hapana". Ni kiburi. Ni kiburi cha mtu anayejua anapendwa na amesahau kwamba aliyempenda amekaa miaka miwili peke yake na Servalan, na Anna, na kilo sabini.

Malalamiko yangu kwa wenzangu

Baada ya 1981 mashabiki walianza mara moja kuandika kilichotokea baada ya Gauda Prime. Sehemu ile inaishia Avon amesimama juu ya mwili wa Blake, amezungukwa na askari, anainua bunduki, anatabasamu, picha inakatika na milio ya risasi inasikika kwenye majina ya waigizaji. Siku nne kabla ya Krismasi! Inaeleweka watu walikaa chini kuandika.

Wakamfufua Blake. Alikuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Au silaha zilikuwa za kulaza tu. Au aliyepigwa alikuwa yule pacha wa maabara, maana kweli kwenye msimu wa pili alitengenezwa Blake mwingine na hatukuambiwa mwisho wake. Gareth Thomas, aliyemwigiza, alikuwa amekubali kurudi kwa sharti kwamba Blake afe bila shaka yoyote, na ndiyo maana kuna damu ile yote kwenye tamthilia ambayo kwa kawaida watu walikufa wasafi. Mashabiki hawakujali. Siwalaumu hata kidogo.

Ninachowalaumu ni kuwasafisha.

Kwenye hadithi nyingi nilizosoma, Blake akiamka hospitalini ni mtu mpole mwenye nywele za kuchezea. Star One haitajwi. Avon analia, anaeleza utoto wake mgumu, anasamehewa ndani ya kurasa tatu. Vila anawaletea vinywaji na kufanya utani. Risasi tatu zinageuka kutoelewana, kama vile mtu alipotumiwa ujumbe ukachelewa kufika.

Ukimwondolea Blake utayari wake wa kuua maelfu ili awe sahihi, kwa nini Avon amwogope? Ukimwondolea Avon ile sauti laini ya kwenye kichombo, kwa nini amshuku Blake? Mnabaki na wanaume wawili wazuri wa sura waliopatwa na bahati mbaya. Huo ni mkasa wa barabarani, si mapenzi.

Nilijiuliza kama ninapenda ukatili tu. Shaka hilo ni halali. Afrika Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa jinsi waasi wanavyogeuka wakishaonja madaraka, na kuna namna ya kufurahia majambazi kwenye kioo kwa sababu hawatagonga mlango wako. Paul Darrow, aliyemwigiza Avon, alikuwa na uso wa kumfanya mtu asamehe mengi. Angeigiza mtu mwenye meno mabovu, huenda nisingekuwa hapa nikiandika. Nakubali. Lakini hadithi zinazonibaki si zile za kusamehe haraka. Ni zile chache ambazo Blake anaamka na hataki kumwona Avon, na sababu yake ya kweli si zile risasi. Ni kwamba ameulizwa kama amesaliti, na akakumbuka Star One, na hakuwa na uhakika wa jibu.

Au zile ambazo Avon hamwombi msamaha. Anakaa tu mlangoni usiku kucha, bunduki mapajani, akilinda chumba cha mtu aliyempiga yeye mwenyewe, na Blake upande wa pili wa ukuta hajui kama analindwa au amefungwa.

Na Vila

Kuna jambo hata hadithi nzuri huliruka, na siku hizi ndilo ninalolitafuta kwanza nikifungua hadithi yoyote ya wawili hawa.

Gan, mmoja wa wenzao wa mwanzo, alikufa kwa sababu Blake alitaka kushambulia kituo kikuu duniani, wakafika wakakuta chumba kitupu. Kituo kilishahamishwa zamani. Dayna, Soolin na Tarrant, waliofuatana na Avon, walianguka Gauda Prime kwenye chumba ambacho Avon na Blake walikuwa wakimalizana kama vile wengine hawapo. Mapenzi ya watu wakubwa yana tabia ya kuchukua oksijeni yote ya chombo.

Vila alikuwa kwenye chumba kile. Arlen aliposhika silaha, akijua huyu ni mwoga asiyehesabika, Vila alijifanya kujisalimisha, akamkaribia, akampiga pigo moja la nguvu akamwangusha na silaha ikamtoka. Mwoga wa sehemu 52, akamfanyia ofisa wa Shirikisho jambo ambalo mashujaa hawakuliwaza. Sekunde chache baadaye askari wakampiga yeye. Avon hata hakugeuka. Alikuwa anamtazama Blake.

Nimemwambia mdogo wangu kwamba nitajaribu kuandika ya kwangu, kwa Kiswahili, maana sijaiona bado. Blake atakuwa hai, sitaki ubishi. Avon atakuwa hai. Watakuwa wabaya wote wawili na watapendana, na itawachukua muda mrefu kuliko kurasa tatu. Lakini itaanza Vila akiamka kwenye sakafu ile, akipapasa mwili aone risasi imeingia wapi, na swali la kwanza atakalomuuliza Avon litahusu kilo sabini.

Mdogo wangu amesema nisisahau kuweka vita. Vitakuwepo.